Maisha ya Frederick Douglass, Bingwa wa Kusema



Sisi wa Kidato cha Nne tumepewa katika somo la Kiingereza orodha ndefu ya majina ya mbinu za usemi. Imo tashbiha, imo sitiari, imo tashihisi, kinaya, takriri, tashtiti, na nyingine nyingi ambazo kwa Kiingereza majina yake yametoka kwa Wagiriki na Warumi wa kale, na ulimi huyatamka kwa taabu. Katika bweni letu yako mabishano juu ya orodha hii. Wako wasemao kwamba ni mzigo wa mtihani tu: mtu huubeba mpaka Novemba, na akiisha kutoka katika chumba cha mtihani huutua chini akaenda zake. Wako wasemao kwamba ni pambo la watu wenye nafasi, na kwamba mtu mwenye shida ya kweli hana haja ya kujua sitiari ni nini.

Mimi nina umri wa miaka 17, na hoja zangu bado ni changa. Kwa hiyo sitawajibu wenzangu kwa hoja, bali nitawaeleza maisha ya mtu mmoja aliyejifunza elimu ya kusema bila mwalimu, bila darasa na bila ruhusa, wala hapakuwa na mtu duniani mwenye shida kuliko yeye. Jina lake ni Frederick Douglass.

Alizaliwa mtumwa katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland, nchini Marekani, mwezi wa Februari 1818. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Frederick Augustus Washington Bailey. Siku yake ya kuzaliwa hakuijua kamwe, na hata mwaka aliukisia tu, akidhani ni 1817. Mwaka wa kweli ulikuja kuonekana baada ya kufa kwake, katika daftari ambamo bwana wake aliandika hesabu ya watumwa wake. Mama yake, Harriet Bailey, alitengwa naye tangu utoto wake akapelekwa kufanya kazi katika shamba jingine, mwendo wa maili 12. Mara chache mama huyu alitembea usiku baada ya kazi ya kutwa, akalala kidogo na mwanawe, akaondoka kabla ya alfajiri ili asipigwe kwa kuchelewa shambani. Alikufa mtoto alipokuwa na miaka kama saba. Aliyemlea ni bibi yake, Betsy Bailey.

Mwaka 1826 mtoto huyu alipelekwa katika mji wa bandari wa Baltimore, nyumbani kwa Bwana Hugh Auld na mkewe Sophia, ili amtunze mtoto wao mdogo. Bibi Sophia alikuwa hajapata kuwa na mtumwa, na moyo wake ulikuwa bado mwema. Alianza kumfundisha herufi, na kisha maneno mafupi. Bwana Auld alipopata habari alimkataza mkewe mara moja, mbele ya mtoto mwenyewe. Alimweleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa; ataanza kutaka mambo, na hapana mtu atakayeweza kumshika.

Bwana yule alidhani amefunga mlango, kumbe amemwonyesha mtoto mlango ulipo. Tangu saa ile Frederick alifahamu kwamba nguvu ya mabwana haikuwa katika mijeledi peke yake, bali pia katika kuwaweka watumwa gizani. Kitu ambacho bwana alikichukia namna ile, bila shaka kilikuwa na faida kubwa kwa mtumwa. Basi akaazimia kukitafuta kwa kila njia.

Nawaomba wenzangu watazame jinsi alivyokitafuta. Alipotumwa njiani alichukua mkate mfukoni, na watoto wa Kizungu maskini waliokuwa na njaa aliwapa mkate, nao wakamlipa kwa kumfundisha kusoma. Katika viwanda vya kuunda meli aliona mafundi wakitia alama kwenye maboriti: herufi L kwa boriti la upande wa kushoto wa meli, na herufi S kwa boriti la upande wa kulia. Akazishika herufi zile, kisha akawaendea watoto wa mtaani akajigamba kwamba yeye ajua kuandika. Wao, ili wamshinde, waliandika herufi nyingine, naye akaziiba kwa macho. Ubao wake ulikuwa ukuta na sakafu ya mawe, na kalamu yake kipande cha chaki. Nyumbani, bibi alipotoka, alichukua madaftari ya shule yaliyokwisha kutumiwa na yule mtoto wa bwana, akaandika katika nafasi zilizobaki, akiigiza mwandiko uliokuwamo.

Alipokuwa na miaka kama 12 alikuwa amekusanya senti 50. Kwa fedha hiyo alinunua kitabu kimoja kiitwacho The Columbian Orator, kilichotungwa na mwalimu Caleb Bingham na kupigwa chapa mara ya kwanza mjini Boston mwaka 1797. Hiki hakikuwa kitabu cha hadithi. Kilikuwa kitabu cha shule cha kufundishia kusema mbele ya watu. Mwanzoni kilieleza jinsi ya kuitumia sauti, ipande wapi na ishuke wapi, na mikono ifanye nini msemaji anaposema. Baada ya hapo zilifuata hotuba: za watu wa Roma ya kale, za wabunge wa Uingereza, za viongozi wa Marekani, pamoja na michezo mifupi na mazungumzo ya kusomwa na watu wawili. Watoto wengi wa Marekani walikisoma kitabu hicho shuleni kwa sababu waliambiwa wakisome. Frederick alikisoma kwa kujificha.

Katika kitabu hicho yalikuwamo mazungumzo baina ya bwana na mtumwa. Mtumwa amekimbia mara ya pili na amekamatwa. Bwana anamlaumu kuwa hana shukrani, kisha anamruhusu ajitetee. Mtumwa hamtukani, wala halii. Anaichukua kila hoja ya bwana wake, anaigeuza upande wa pili, na kumwonyesha kwamba haina kitu ndani. Hoja za bwana zinapokwisha, bwana anamwacha huru. Mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mali ya mtu alisoma mazungumzo hayo mara nyingi, na humo akaona jambo ambalo hakuliona popote katika maisha yake: mtumwa anamshinda bwana wake kwa maneno.

Hapa nataka kueleza jambo moja ambalo sisi tunaokariri maana za maneno yatupasa kulitia moyoni. Katika siku hizo Frederick alisikia watu wakitaja mara kwa mara neno la Kiingereza abolition. Kila mtumwa alipotoroka, au ghala lilipochomwa moto, wazungu walisema hayo ni matunda ya neno hilo. Akatamani kujua maana yake. Akatazama katika kamusi, nayo ikamwambia kwamba ni tendo la kukomesha. Lakini kukomesha nini? Kamusi haikusema, na kuuliza mtu ilikuwa hatari. Alikaa na neno lile muda mrefu bila kulifahamu. Hata siku moja akapata gazeti lililoandika habari za watu wa majimbo ya kaskazini walioliomba baraza la nchi likomeshe utumwa katika wilaya ya mji mkuu na kuzuia biashara ya watumwa kati ya jimbo na jimbo. Hapo ndipo alipofahamu neno, na kwa neno lile moja akafahamu kwamba wako watu mbali wanaopigania uhuru wake. Kamusi ilimpa maana ya neno, lakini matumizi ndiyo yaliyompa neno lenyewe.

Mwaka 1833 alirudishwa shamba, na Januari 1834 akakodishwa kwa mtu aitwaye Edward Covey, ambaye sifa yake ilikuwa kuwavunja moyo watumwa wakaidi. Alipigwa karibu kila wiki, akafanyishwa kazi mpaka akili yake ikafa ganzi na hamu ya kusoma ikamtoka. Shamba lile lilikuwa karibu na ghuba ya Chesapeake. Siku za Jumapili alisimama peke yake ufukoni, akayatazama matanga meupe ya vyombo vinavyokwenda baharini, akayasemesha kama kwamba yana masikio, akiyaeleza kuwa yapo huru na yeye amefungwa. Katika orodha yetu ya Kiingereza jambo hilo lina jina lake: kukisemesha kitu kisichosikia kana kwamba kinasikia. Sidhani kwamba siku ile alilifikiri jina hilo. Lakini walioliweka jina hilo zamani walikuwa wameyasikia maumivu kama yake.

Agosti ya mwaka huo Covey alipotaka kumpiga tena, kijana huyu wa miaka 16 alimkamata, wakapigana karibu saa mbili, na Covey hakumweza. Tangu siku hiyo hakumpiga tena. Mwaka uliofuata, katika shamba jingine, Frederick alifungua kwa siri shule ya Jumapili, akawafundisha kusoma watumwa wenzake zaidi ya 40. Hakukaa na elimu yake kama mchoyo. Mwaka 1836 alijaribu kutoroka pamoja na wenzake, siri ikafichuka, akatiwa gerezani. Kisha akarudishwa Baltimore akajifunza kazi ya kukalafati meli. Huko akajiunga na chama cha mijadala cha vijana weusi waliokuwa huru, wakalafati kama yeye. Naona vema niwakumbushe wanachama wa chama chetu cha mijadala hapa shuleni kwamba mmoja wa wasemaji wakubwa wa karne ile alianzia katika chama kama chetu, baada ya kazi, mikono ikinuka lami.

Tarehe 3 Septemba 1838 alipanda gari la moshi amevaa nguo za baharia, na mfukoni ana hati ya baharia mmoja mweusi aliye huru. Sura iliyoelezwa katika hati ile haikufanana na yake. Mkagua tiketi akaitupia jicho akapita. Haikutimia siku moja, akawa yuko New York. Bibi Anna Murray, mwanamke huru aliyemsaidia kutoroka, alimfuata, na tarehe 15 ya mwezi huo wakaoana. Wakaenda kukaa New Bedford, katika jimbo la Massachusetts. Ilimbidi abadili jina asikamatwe. Mwenyeji wao alikuwa akisoma utenzi wa Sir Walter Scott uitwao The Lady of the Lake, akamchagulia jina la shujaa mmoja wa humo. Ndivyo alivyokuwa Frederick Douglass. Hata jina lake alilipata katika fasihi.

Agosti 1841, katika mkutano wa wapinga utumwa kisiwani Nantucket, aliombwa aseme. Alisimama akitetemeka, lakini alipokwisha kusema mkutano mzima ulikuwa umeamka. Chama cha kupinga utumwa cha Massachusetts kikamwajiri awe msemaji wake. Hapo akakutana na tatizo jipya. Baadhi ya rafiki zake wazungu walimshauri asimulie mambo yaliyompata tu, na hoja awaachie wao. Wengine walimwambia lugha yake imekuwa safi mno. Afadhali abakize kidogo usemi wa shambani, la sivyo watu hawatamwamini. Na kweli, wasikilizaji walianza kunong'ona kwamba mtu asemaye vile hakupata kuwa mtumwa.

Tazameni mtego huu, ndugu zangu. Akisema vibaya, watasema mtu mweusi hana akili. Akisema vizuri, watasema ni mwongo. Douglass hakukubali kuiharibu lugha yake ili aaminiwe. Mwaka 1845 aliandika kitabu cha maisha yake, akataja wazi jina alilozaliwa nalo, mahali, na majina ya mabwana wote waliommiliki. Kitabu kilithibitisha kwamba alisema kweli, lakini pia kiliwaonyesha wenye watumwa mahali pa kumtafuta. Kwa sheria ya Marekani alikuwa bado mali ya mtu. Mwaka huohuo ikambidi avuke bahari kwenda Ireland na Uingereza, akahutubia huko karibu miaka miwili. Mwishoni mwa 1846 rafiki zake wa Uingereza walichanga pauni 150 wakamnunulia uhuru wake, naye akarudi mwaka 1847 akiwa mtu huru mbele ya sheria. Mwaka huohuo, mjini Rochester katika jimbo la New York, akaanzisha gazeti lake, The North Star.

Katika kitabu chake cha 1845 iko sentensi moja ambayo walimu wa Kiingereza hupenda kuitolea mfano. Inakuja kabla hajasimulia kupigana kwake na Covey. Sehemu ya kwanza ya sentensi inawakumbusha wasomaji kwamba wamekwisha kuona mtu akifanywa mtumwa. Sehemu ya pili inayapindua maneno yaleyale, ya mbele yakawa nyuma na ya nyuma yakawa mbele, kuwaahidi kwamba sasa wataona mtumwa akirudi kuwa mtu. Mpinduo huo una jina la Kigiriki, kiasmasi, nalo limo katika orodha yetu. Lakini sentensi hiyo si mchezo wa maneno. Maneno yanageuka kwa sababu maisha yenyewe yaligeuka siku ile shambani.

Mfano mkubwa kuliko wote ni hotuba yake ya tarehe 5 Julai 1852, aliyoitoa katika ukumbi wa Corinthian Hall mjini Rochester, kwa mwaliko wa chama cha wanawake waliopinga utumwa. Jana yake ilikuwa siku ya uhuru wa Wamarekani, uliotangazwa mwaka 1776. Alianza kwa unyenyekevu, akawasifu waasisi wa nchi kwa ushujaa wao. Lakini msikilizaji mwenye masikio angegundua kwamba hakusema uhuru wetu wala baba zetu. Alisema uhuru wenu, baba zenu, sikukuu yenu. Kwa herufi chache tu alichora mpaka baina yake na wao, nao walikuwa bado wanafurahia sifa. Kisha akauliza swali ambalo hakungoja jibu lake: sikukuu hiyo ni kitu gani kwa mtumwa? Hiyo ndiyo tashtiti. Baada ya swali alishusha maneno moja baada ya moja, akizitaja shangwe za sikukuu na kuonyesha unafiki ulio ndani ya kila moja. Hiyo ndiyo takriri. Na mwenyewe aliwaambia kwamba wakati kama ule hautaki hoja za upole, unataka kinaya kinachounguza. Hata hivyo hakumaliza kwa kukata tamaa; aliwaeleza kwamba ana matumaini utumwa utaanguka.

Ukaanguka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Douglass alitumia kalamu na sauti yake kudai kwamba watu weusi waruhusiwe kupigana. Waliporuhusiwa aliwaandikisha askari, na wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiunga. Mwaka 1863 alionana na Rais Abraham Lincoln, akamdai haki sawa kwa askari weusi. Mwaka 1865 katiba ya Marekani ilirekebishwa na utumwa ukakomeshwa. Neno ambalo kamusi ilishindwa kumweleza mtoto wa Baltimore sasa lilikuwa sheria ya nchi.

Hakuwapigania watu weusi peke yao. Mwaka 1848, katika mkutano wa Seneca Falls, alisimama kuunga mkono wanawake wapewe kura. Baadaye alishika vyeo vya serikali, na kutoka 1889 mpaka 1891 alikuwa balozi wa Marekani nchini Haiti. Tarehe 20 Februari 1895 alihudhuria mkutano wa wanawake mjini Washington, akarudi nyumbani, na jioni ile akafariki dunia. Alizikwa Rochester.

Hayo ndiyo maisha ya Frederick Douglass kwa ufupi. Sasa naweza kuwaambia wenzangu wa bweni neno langu. Majina yaliyo katika orodha yetu si mzigo wala si pambo. Ni majina ya vyombo vya kazi. Fundi asiyelijua jina la randa aweza kuranda, lakini hawezi kumwagiza mwanafunzi wake amletee. Na ajuaye majina ya vyombo vyote bila kushika hata kimoja, huyo si fundi. Basi tusikariri tashtiti kama mtu akaririye namba ya nyumba asiyopata kuingia. Tuitafute katika hotuba, katika magazeti, katika mahubiri, katika maneno ya bibi zetu wanapotuonya, na tuijaribu wenyewe katika mijadala yetu ya Jumamosi.

Tena tukumbuke tofauti yetu na yeye. Yeye alilipa mkate kwa herufi, na senti 50 kwa kitabu alichokisoma mafichoni. Sisi wazazi wetu wanajinyima ili tusome mchana, mbele ya mwalimu, taa zikiwaka usiku. Bwana Auld alijua kwamba maneno yana nguvu, ndiyo maana akayakataza. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa bwana wa watumwa aliiamini elimu hii kuliko sisi tunaopewa bure.